Mpangilio Huu ni wa Nani? Mwongozo wa Kuweka Mipangilio ya Programu ya Wavuti

Vijana wanaokuja kwangu Kisumu kwa mafunzo ya kazini, wengine kutoka Maseno, wengine kutoka Kakamega, huniletea swali lile lile wiki ya kwanza: "Mwalimu, hii niiweke wapi?" Anayeuliza ameshika nenosiri la hifadhidata, au kiwango cha riba cha Sacco, au nambari ya simu ya mweka hazina. Anaweza kuiandika ndani ya msimbo. Anaweza kuiweka kwenye faili pembeni, au kuiacha seva iishike, au kuitia kwenye jedwali la hifadhidata. Njia zote hizo hufanya kazi siku ya kwanza. Tofauti hujitokeza siku kitu hicho kinapohitaji kubadilika, ndiyo maana nami humrudishia swali: ni nani atakayekibadilisha?

Ukishamjua mwenye mpangilio, mahali pake panajulikana. Nitaeleza kwa mifumo ninayowaandikia watu wa huku: Sacco ya bodaboda upande wa Kondele, duka la dawa za mifugo lenye matawi kutoka Nakuru hadi Bungoma, na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kakamega.

Anza na karatasi

Kabla ya kuandika msimbo, orodhesha kila thamani ambayo huenda ikawa tofauti kesho, au ikawa tofauti kwenye mashine nyingine. Kwa ile Sacco orodha ilikuwa hivi: saa za eneo, idadi ya wanachama kwa kila ukurasa, anwani ya hifadhidata na nenosiri lake, funguo za M-Pesa, nambari ya Paybill, anwani ambayo Safaricom itarudishia majibu, riba ya mkopo wa dharura, faini ya kuchelewesha mchango, na jina linalochapishwa juu ya risiti.

Sasa kando ya kila kimoja andika mwenyewe. Mimi nina wenyewe wanne. Msanidi, ambaye hubadilisha kitu pamoja na msimbo. Mashine, yaani kitu hubadilika kwa sababu tumehamia seva nyingine au tuko kwenye majaribio. Ofisi, ambapo kikao kimekaa na kuamua. Na sheria, ambayo hubadilika Nairobi bila kutuuliza.

Ukikuta thamani yenye wenyewe wawili, igawe. Faini ya Sacco ni ya ofisi, lakini kanuni kwamba faini haiwezi kuzidi mchango wenyewe tuliiandika kwenye msimbo, kwa sababu imo katika katiba ya chama na mtu asiibadilishe kwa kubofya.

Vya msanidi: acha ndani ya msimbo

Kuna wanaosoma kwamba mipangilio isikae ndani ya msimbo, wakaanza kuitoa yote, hata isiyohitaji kutoka. Saa za eneo ni mfano. Kenya haisogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya. Tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, mwaka mzima. Sacco ya Kondele haitahamia bara lingine. Andika `TIME_ZONE = "Africa/Nairobi"` ndani ya `settings.py`, faili ya mipangilio ya Django (fremu ya Python ya kuundia tovuti), uendelee na kazi. Idadi ya safu kwa ukurasa, muundo wa tarehe, ukubwa wa juu wa picha ya kitambulisho, vyote hivyo vikae kwenye msimbo.

Sharti ni moja: vikae pamoja. Namba 25, tuseme ndiyo idadi ya safu kwa ukurasa, ikitawanyika kwenye faili saba, siku ya kuibadilisha utapata sita. Faili moja, jina la kueleweka kwa kila thamani, na maelezo mafupi pale sababu isipojionyesha.

Vya mashine: vigeu vya mazingira

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo twende polepole.

Vigeu vya mazingira si jambo geni. Vimekuwepo tangu toleo la saba la Unix, mwaka 1979. Mashine inashika jina na thamani, programu inaposimama inasoma. Msimbo ule ule unakwenda kwenye laptopu yangu, kwenye seva ya majaribio na kwenye seva ya kazi bila kuguswa hata herufi moja, na kila mashine inaupa thamani zake.

Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, linaonyesha vizuri kwa nini tunahitaji hivyo. Upande wa majaribio uko `sandbox.safaricom.co.ke` na upande wa pesa halisi uko `api.safaricom.co.ke`. Nambari ya majaribio ya 174379 inajulikana na kila msanidi wa Kenya, lakini funguo ni zako, na za majaribio hazikubaliki upande wa kazi. Ukimwomba mwanachama alipe kwenye simu yake, nenosiri la ombi hutengenezwa kwa kuunganisha nambari ya biashara, ufunguo wa siri na saa ya ombi. Nambari ya upande mmoja ikichanganywa na ufunguo wa upande wa pili, ombi linakataliwa. Ndiyo sababu thamani hizi zinatembea kwa pamoja, kundi zima, kutoka faili moja:

```
MPESA_BASE_URL=https://sandbox.safaricom.co.ke
MPESA_SHORTCODE=174379
MPESA_CONSUMER_KEY=...
MPESA_CONSUMER_SECRET=...
MPESA_PASSKEY=...
MPESA_CALLBACK_URL=...
```

Usiandike ndani ya msimbo "kama ni seva ya kazi tumia hii, vinginevyo tumia ile." Masharti ya namna hiyo huzaana, na funguo za kazi huishia kwenye laptopu ya kila aliyewahi kugusa mradi. Anwani ya kurudishia majibu nayo ni ya mashine kabisa: Safaricom haiwezi kuifikia `localhost` yako, yaani kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo ukiwa kwenye majaribio utapitia njia ya muda kama ngrok, inayoipa laptopu anwani ya mtandaoni, na kwenye seva ya kazi utatumia jina halisi la Sacco.

Faili hiyo kwa kawaida huitwa `.env`, na jambo la kwanza la kufanya, kabla hata ya kuijaza, ni kuandika jina lake ndani ya `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git, programu inayotunza msimbo na historia yake, isizichukue. Kisha tengeneza pacha wake, `.env.mfano`, wenye majina yote bila siri, na huyo ndiye anayeingia kwenye Git.

Ikiwa `.env` imeshaingia kwenye Git, kuiongeza kwenye `.gitignore` hakuitoi. Lazima uamuru `git rm --cached .env`, na hata hapo historia bado inaikumbuka. Yeyote mwenye nakala ya mradi anaweza kurudi nyuma akaisoma. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza badilisha funguo zenyewe, upate mpya na kuzima za zamani, halafu ndipo usafishe Git. Wengi hufanya kinyume, wanahangaika na historia siku nzima huku ufunguo uliovuja bado unafungua mlango.

Jambo la pili ni mahali faili inapokaa kwenye seva. Hosting nyingi za bei nafuu tunazotumia huku zina folda ya `public_html`, ambayo yaliyomo huonekana mtandaoni, na mtu mwenye haraka hupakia mradi wote wa Laravel, fremu ya PHP ya kuundia tovuti, humo ndani. Laravel imekusudia kwamba ni folda yake ya `public` pekee inayoonekana na dunia. Ukimwaga mradi mzima kwenye `public_html`, mgeni akiandika jina la tovuti na kumalizia na `/.env`, kivinjari kinaweza kumsomea nenosiri lako herufi kwa herufi. Jaribu mwenyewe sasa hivi kwa kila tovuti unayoisimamia. Kama unaona chochote zaidi ya ujumbe wa kukataliwa au wa ukurasa kutopatikana, acha kusoma hapa ukaifunge, kisha ubadilishe kila siri iliyokuwemo.

Kwenye seva yako mwenyewe ya Linux pana njia nzuri zaidi. Weka thamani kwenye faili nje kabisa ya mradi, mwenyewe awe root, msimamizi mkuu wa mashine, ruhusa ziwe 600 (mwenyewe pekee asome na kuandika), na uielekeze hapo systemd, programu ya Linux inayoanzisha huduma:

```
[Service]
EnvironmentFile=/etc/sacco/mazingira
```

Systemd ndiyo inayosoma faili na kuipa programu thamani inapoianzisha, kwa hiyo hata akaunti inayoendesha programu haihitaji ruhusa ya kuifungua. Na ukiwa kwenye PHP, usiache ukurasa wa `phpinfo` hewani. Huonyesha vigeu vyote vya mazingira kwa mpita njia yeyote.

Kila kigeu ni maandishi

Mazingira hayajui namba wala ndiyo na hapana. Kila kinachotoka huko ni maandishi. Katika Python, maandishi yoyote yasiyo tupu yanahesabika kuwa kweli, hata neno `False`. Chukua DEBUG, swichi ya kuonyesha hitilafu kwa undani: ukiandika `DEBUG=False` kwenye faili na msimbo ukaipitisha kwa `bool`, umeiwasha. Mimi huandika hivi:

```
DEBUG = os.environ.get("DEBUG", "") == "ndiyo"
```

Neno moja tu linaiwasha. Kigeu kisipokuwepo, kikikosewa herufi, kikiachwa tupu, inabaki imezimwa. Thamani ya kuangukia iwe salama siku zote. Siri isiwe na thamani ya kuangukia hata kidogo. Ufunguo wa siri ukikosekana, programu ikatae kusimama:

```
LAZIMA = ["DATABASE_URL", "SECRET_KEY", "MPESA_PASSKEY"]
hazipo = [jina for jina in LAZIMA if not os.environ.get(jina)]
if hazipo:
    raise SystemExit("Mipangilio haipo: " + ", ".join(hazipo))
```

Mistari minne hii naitetea kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Waendesha bodaboda hutuma mchango wao jioni, kazi ikipoa. Kama `MPESA_PASSKEY` haipo, nataka nijue saa nne asubuhi ninapoipandisha programu, nikiwa mbele ya kompyuta, nisije nikaambiwa saa moja usiku na mtu aliyesimama Kondele na pesa kwenye simu.

Na majina je? Napenda kuandika msimbo kwa Kiswahili, lakini vigeu vya siri nimeviachia majina ya Kiingereza kwa sababu ya usalama. Django ikionyesha ukurasa wa hitilafu DEBUG ikiwa imewashwa, huficha kwa nyota mipangilio ambayo majina yake yana KEY, SECRET, PASS, TOKEN au API. Haiitambui `NENOSIRI_LA_BARUA` wala `UFUNGUO_WA_MALIPO`. Hizo itazianika kama zilivyo.

Mawili mengine upesi. Kwenye Laravel, ukishaendesha `php artisan config:cache`, faili ya `.env` haisomwi tena, na kuita `env` nje ya folda ya `config` hukurudishia utupu. Kwa hiyo soma mazingira ndani ya `config` pekee, na kwingine kote uite `config`. Na ukitumia Vite, chombo cha kuandaa faili za upande wa kivinjari, kigeu chochote kinachoanza na `VITE_` kinaandikwa ndani ya faili anazopakua mgeni. Hakuna siri upande huo, hata ukiiita siri.

Faili za YAML, na matawi yaliyohama kaunti

Mipangilio mingine ina umbo: orodha ndani ya orodha. Duka la dawa za mifugo lina matawi, kila tawi lina jina, kaunti, saa za kufungua na printa yake. Hayo hayaingii vizuri kwenye vigeu vya mazingira, na si siri, kwa hiyo faili ndani ya mradi inafaa. Wengi huchagua YAML, muundo wa kuandika mipangilio kwenye faili ya maandishi, kwa sababu inasomeka. Angalia hii:

```
matawi:
  - jina: Kisumu
    kaunti: 042
  - jina: Nakuru
    kaunti: 032
  - jina: Kakamega
    kaunti: 037
  - jina: Bungoma
    kaunti: 039
```

Nambari hizo ni sahihi, ndizo za kaunti zetu. Lakini YAML ya toleo la 1.1, ambalo PyYAML, maktaba ya Python ya kuisoma YAML, bado inalifuata, huichukulia namba inayoanza na sifuri kuwa imeandikwa kwa msingi wa nane. Hivyo 042 inageuka 34, na kaunti ya 34 ni Kajiado. Tawi la Nakuru, 032, linakuwa 26, Trans Nzoia. Kakamega, 037, inakuwa 31, Laikipia. Hakuna hitilafu inayotokea, kwa sababu kila jibu ni kaunti halali iliyopo Kenya. Bungoma peke yake inabaki salama: tarakimu 9 haipo katika msingi wa nane, basi 039 inaachwa kama maandishi. Ukifanya majaribio yako kwa data ya Bungoma na Vihiga utaapa kwamba mfumo hauna kasoro.

Dawa ni alama za nukuu: `kaunti: "042"`. Chochote kinachofanana na namba lakini hakijumlishwi wala kutolewa, kama nambari ya simu, ya kitambulisho, ya kaunti au ya akaunti, kiwe ndani ya nukuu. JSON na TOML, miundo mingine ya faili kama YAML, zote mbili hukataa namba yenye sifuri mbele, zinasimama na kulalamika, na kwa hilo nazipenda zaidi. JSON ina upungufu wa kutokubali maelezo ndani yake. TOML inayakubali, na Python ina kisomaji chake tangu toleo la 3.11. Kwa mradi mpya mimi huchukua TOML.

Vya ofisi na vya sheria: hifadhidata, na tarehe juu yake

Kikao cha Sacco kikiamua kushusha riba, mweka hazina asinipigie simu. Awe na ukurasa wake wa kuibadilisha, na mfumo uandike nani aliibadilisha na lini. Huo ndio mpangilio wa kukaa kwenye hifadhidata.

Kosa la kawaida ni kutengeneza jedwali lenye jina na thamani tu. Ongeza safu ya tatu, tarehe ya kuanzia, na usifute thamani ya zamani. VAT yenyewe, kodi ya ongezeko la thamani, imetufundisha. Ilikuwa asilimia 16. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, ikashushwa hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Duka la vifaa vya ujenzi likitakiwa kuchapisha upya ankara ya Novemba 2020, lazima itoke na 14. Mfumo unaoshika thamani moja ya sasa utachapisha 16, na jumla haitalingana na pesa iliyolipwa.

```
jina | thamani | kuanzia
vat  | 16      | 2019-01-01
vat  | 14      | 2020-04-01
vat  | 16      | 2021-01-01
```

```
SELECT thamani FROM mipangilio
WHERE jina = 'vat' AND kuanzia <= '2020-11-15'
ORDER BY kuanzia DESC LIMIT 1;
```

Jibu ni 14. Faida nyingine ni kwamba mabadiliko yakitangazwa mapema unaingiza safu leo yenye tarehe ya mbele, na usiku ukifika mfumo unageuka wenyewe. Hata hivyo ankara yenyewe pia ishike kiwango kilichotumika. Ni hati ya biashara, isitegemee jedwali lingine kusomeka.

Lakini usidhani kila badiliko la sheria linaweza kutegwa mapema kwa jedwali. Makato ya NHIF, bima ya afya ya zamani, yalikuwa ya ngazi: mshahara ukiwa katikati ya kiasi hiki na kile unakatwa hivi, hadi kilele cha shilingi 1,700. Oktoba 2024 SHIF, iliyochukua nafasi yake, ikaanza, asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue shilingi 300, bila kilele. Hapo hesabu yenyewe ndiyo iliyobadilika. Mwenye jedwali zuri la ngazi hakuwa na pa kuingiza asilimia. Katika mfumo wa mishahara niliandika kanuni mbili ndani ya msimbo, ya zamani na ya sasa, na tarehe ya mwezi wa mshahara ndiyo inayochagua. Kujaribu kutengeneza ukurasa wa mipangilio unaoweza kueleza kanuni yoyote ijayo ni kuandika lugha nyingine ya programu ambayo hakuna mhasibu atakayeijua.

Siri zisikae kwenye jedwali hili. Nakala ya hifadhidata hutembea kwa flashi, hutumwa kwa mkaguzi, hufunguliwa kwenye laptopu ya ofisi. Funguo za M-Pesa zikiwa humo, zimetembea nazo.

Makabidhiano

Akaunti ya Daraja iwe kwa jina na barua pepe ya mteja, wewe upewe ruhusa tu. Siri zihifadhiwe kwenye programu ya kutunzia nywila, Bitwarden au KeePass, na mweka hazina na mwenyekiti kila mmoja awe na njia ya kuifungua. Usizitume kwa WhatsApp; mazungumzo hunakiliwa kwenye simu mpya kila mtu anapobadilisha. Msanidi akiondoka, hata kwa wema, funguo alizoziona zibadilishwe wiki hiyo hiyo.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kusema umemaliza. Mpe mtu ambaye hajawahi kuugusa mradi kompyuta isiyo na kitu. Avute msimbo kutoka Git, anakili `.env.mfano` kuwa `.env`, ajaze thamani za majaribio, na aiwashe programu huku wewe umekaa kimya. Kila anapolazimika kukuuliza, "Mwalimu, na hii je?", kuna jina limekosekana kwenye `.env.mfano` au kwenye ile orodha ya LAZIMA. Liongeze hapo hapo, mfute faili, mwanze tena.